Shaba Kwenye Mlango wa Wodi

Mwaka wa 1957, Waithira na mume wake, Bedan Githinji, waliishi katika kambi ya wafanyakazi wa shamba moja la kahawa karibu na Ruiru. Walikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka minne. Jina lake lilikuwa Ngendo.

Githinji alikuwa mtu wa bomba. Hivyo ndivyo walivyoitwa wanaume walionyunyizia kahawa dawa. Asubuhi alijaza bomba lake, akalifunga mgongoni kwa mikanda, akaingia katikati ya mistari ya kahawa. Dawa yenyewe ilikuwa ya buluu. Jioni aliporudi, kofia ilikuwa buluu, shati lilikuwa buluu, hata nyusi zilikuwa buluu. Ngendo alipenda kumkimbilia, lakini Githinji alimzuia.

"Ngoja kwanza baba aoge," alisema. "Hii ni dawa ya majani, si ya watoto."

Waithira naye alichuma kahawa. Asubuhi moja alikuwa akipika uji kabla ya kwenda shambani. Sufuria ilikuwa juu ya mafiga, uji unatokota. Jirani yake, Mbithe, aliita kutoka nje.

"Mama Ngendo! Nyapara amepita! Utaachwa!"

"Nakuja!"

Waithira aliinuka kutafuta kikapu. Aligeuka kidogo tu. Ngendo alikuwa na njaa. Alishika mwiko, akauvuta. Sufuria ikapinduka, na uji ukamwagikia mguu wake wa kulia, kutoka gotini mpaka kwenye vidole.

Kilio chake kilisikika kambi nzima.

Watu walijaa mlangoni. Mmoja alisema mtoto apakwe mafuta. Mwingine alisema anyunyiziwe unga. Mbithe aliwapita wote, akaingia na ndoo ya maji.

"Msimpake kitu chochote," alisema. "Dada yangu aliungua tukiwa kwetu Machakos, nikaona vile daktari alifanya. Maji baridi tu. Mwaga polepole, mpaka atulie."

Walimwaga maji, wakaleta ndoo nyingine, wakamwaga tena. Kisha Mbithe aliufunika mguu kwa leso safi bila kuubana. Siku hizo zilikuwa za Emajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya kikoloni, na Mkikuyu hakuweza kutoka shambani bila pasi. Nyapara alikimbia kwa karani, akarudi na pasi ya Waithira mkononi. Lori la shamba lilikuwa likielekea Thika. Waithira alipanda mbele, Ngendo mapajani. Githinji alibaki amesimama kando ya barabara na bomba lake mgongoni, mpaka vumbi likalificha lori.

*

Hospitali ilikuwa ndogo, ya misheni, nje kidogo ya mji wa Thika. Muuguzi aliyewapokea aliitwa Nafuna. Alikuwa mtu wa Kimilili, mrefu, mwenye sauti ya chini.

"Nani alimwagia maji baridi?" aliuliza alipofungua leso.

"Jirani yangu, Sista."

"Mshukuru sana. Ngozi ingeharibika zaidi."

Hospitali ilikuwa na wodi mbili za watoto. Wodi ya zamani ilijengwa kwa mawe. Madirisha yake yalikuwa madogo. Vitasa vya milango, vibao vya kusukumia milango, mifereji ya maji na vyuma vya kushika kwenye vitanda, vyote vilikuwa vya shaba ya manjano iliyogeuka kahawia kwa uzee. Wodi mpya ilikuwa imefunguliwa mwaka uliopita tu. Madirisha yalikuwa makubwa. Kila kitu kilikuwa cha chuma kilichopakwa rangi nyeupe.

Ngendo alilazwa katika wodi mpya. Waithira aliangalia kuta nyeupe na shuka zilizonyooka. Moyo wake ulitulia. Mahali safi kama hapa, alifikiri, mtoto atapona upesi.

Kwenye kitanda cha pili alikuwa mama mmoja aliyeitwa Benta. Mume wake alifanya kazi katika kiwanda cha mkonge. Mtoto wao, Dalmas, alichomwa na taa ya mafuta mkononi. Benta alimwangalia Waithira akitandika, kisha akamwita kwa sauti ya chini.

"Dada, wamekuleta huku?"

"Ndiyo. Kwani vipi?"

"Watoto wa wodi hii, vidonda vyao vinaoza. Dalmas alikuja na kidonda kizuri. Sasa muangalie. Wale wa wodi ya mawe wanapona, wanaenda nyumbani."

"Usiseme hivyo."

"Uliza yeyote. Wodi ile iliombewa ilipofunguliwa. Hii haikuombewa."

Waithira aliendelea kutandika. Lakini maneno yale yalimkaa moyoni.

Siku za kwanza Ngendo aliendelea vizuri. Alikula, akacheka na Dalmas. Kisha asubuhi moja Waithira alimgusa shavu, akaona ni la moto. Mtoto alikataa uji. Nafuna alipofungua bandeji, harufu mbaya ilitoka. Kidonda kilikuwa na usaha wa manjano.

"Maitu," Ngendo alimwita mama yake, "mguu unapiga kama ngoma."

Alimwangalia Benta. Benta aliinamisha macho.

Nafuna alipoenda kuchukua dawa, Waithira alikusanya nguo zao katika leso. Alimfunga Ngendo mgongoni, akaelekea mlangoni. Alimkuta Nafuna hapo hapo, sinia ya sindano mkononi.

"Unaenda wapi, mama?"

"Nyumbani, Sista. Wodi hii itaniulia mtoto."

"Ukimtoa sasa, homa itapanda njiani. Huko Ruiru utapata penisilini wapi?"

"Kuna mzee anayejua mizizi."

"Mama Ngendo, nisikilize. Sikudharau. Niambie ni nini umeona."

Waithira alishangaa kuulizwa. Alianza kulia, akasema yote: wodi ya mawe, wodi nyeupe, vidonda vinavyooza, maombi. Alingojea kuchekwa.

Nafuna hakucheka. Aliangalia wodi ya mawe ng'ambo ya ua.

"Hata mimi nimeona," alisema. "Nilidhani ni macho yangu yananidanganya. Dawa ni ile ile. Wauguzi ni wale wale. Lakini huku vidonda vinaharibika zaidi. Si laana, mama. Kuna sababu, nasi tutaitafuta. Nakuomba, mrudishe mtoto kitandani. Achomwe sindano."

Ngendo alikuwa moto mgongoni mwake kama jiwe la jikoni. Mwishowe aligeuka, akarudi kitandani.

*

Siku hiyo hiyo Nafuna alizungumza na daktari. Daktari alimtuma Barasa, mtu wa maabara. Barasa alivaa koti jeupe na miwani. Alibeba vijiti vyenye pamba nchani na visahani vya kioo vyenye vifuniko. Alipitisha pamba kwenye kitasa cha mlango. Akachukua pamba nyingine, akaipitisha kwenye chuma cha kitanda. Baadaye Waithira alimwona akifanya vivyo hivyo katika wodi ya mawe.

Alirudi kwenye kitanda cha Ngendo.

"Habari ya mgonjwa?"

"Bado ana homa."

"Pole sana. Mama, nipe kidole chako."

"Cha nini?"

Barasa alifunua kisahani kimoja. Ndani kulikuwa na kitu kilichoganda, laini, chenye kung'aa kama mchuzi wa mifupa uliolala usiku wa baridi.

"Bonyeza hapa. Polepole."

Waithira alibonyeza. Kidole hakikuacha hata alama.

"Hii ni nini?"

"Ni chakula."

"Cha nani?"

"Cha wageni tusiowaona," Barasa alisema, akifunika kisahani. "Tumewaandalia. Kesho tutajua nani amekuja."

Kesho yake Barasa alimwita Waithira kwenye maabara. Ilikuwa chumba kidogo chenye meza, hadubini, na kabati dogo lililotoa joto kama kuku anayelalia mayai. Alitoa kisahani kile kutoka katika kabati, akakiweka mbele yake kikiwa kimefunikwa.

"Angalia, lakini usifungue."

Waithira aliinama. Katikati ya chakula kile kulikuwa na madoa mengi, ya manjano na meupe, madogo kama chembe za ulezi. Yalikuwa yamekaa pamoja. Yalikuwa na umbo. Kwanza hakulitambua. Kisha aliinua mkono wake, akaangalia ncha ya kidole, akaangalia tena kisahani.

"Ngai!" alisema. "Ni kidole changu."

"Ndiyo."

"Lakini mkono wangu ulikuwa safi! Haukuwa na matope!"

"Haukuwa na matope. Vijidudu si matope. Doa moja hapo ni maelfu na maelfu yao. Wamezaana tangu jana. Ukimchukua mmoja peke yake, jicho haliwezi kumwona, mpaka utumie hiki chombo." Aligusa hadubini. "Watu wa maabara tunawaita bakteria. Wako kwenye mikono ya kila mtu. Yangu, ya daktari, ya malkia. Kwenye ngozi nzima hawana shida kubwa. Wakiingia kwenye kidonda, ndipo usaha huanza."

Waithira aliketi. Alikumbuka alivyosukuma mlango, alivyoshika kitanda, alivyonyoosha bandeji ya Ngendo ili mtoto asiikune. Aliificha mikono yake ndani ya leso.

Barasa aliona. "Mama Ngendo, usijilaumu. Watu wote hushika mlango ule. Mmoja anauacha mzigo, mwingine anaupokea. Hakuna anayejua amebeba."

"Basi tufanye nini?"

"La kwanza ni sabuni na maji. Kila mara kabla ya kumgusa mtoto. Hilo halina badala. La pili bado nalichunguza, maana nimeona jambo kwenye vitasa vya wodi ya mawe. Baba Ngendo anakuja lini?"

"Jumapili, akipewa pasi."

"Mlete hapa."

Tangu saa hiyo Waithira alinawa mikono kwa sabuni kila mara. Karai la kunawia lilikuwa moja tu, huko mwisho wa korido. Alitembea mpaka huko na kurudi. Benta alimuuliza kama ameanza wazimu. Waithira alimweleza juu ya kidole kwenye kisahani. Benta alimsikiliza mpaka mwisho bila kufumba macho, kisha naye akaelekea kwenye karai.

*

Jumapili Githinji alifika amevaa shati jeupe. Homa ya Ngendo ilikuwa imeanza kushuka kwa ajili ya sindano, lakini kidonda kilikuwa bado kibaya. Alikaa naye mpaka mtoto akalala. Kisha yeye na mke wake waliingia maabara. Nafuna alikuwa huko pia.

Barasa aliweka visahani viwili mezani.

"Hiki cha kushoto ni pamba niliyopitisha kwenye kitasa cha wodi mpya."

Kilikuwa kimejaa madoa pande zote.

"Na hiki cha kulia ni kitasa cha wodi ya mawe."

Githinji aliinama karibu. Kulikuwa na doa moja hapa, jingine kule. Sehemu iliyobaki ilikuwa tupu.

"Lakini kitasa kile cha zamani ndicho kinaonekana kichafu," alisema. "Ni cheusi cheusi. Kile cha wodi mpya kinang'aa!"

"Ndiyo maana nilishangaa hata mimi. Rangi ya chuma haituambii kitu. Kitasa cha wodi mpya ni chuma kilichopakwa rangi. Kijidudu kikitua hapo kinakaa, hata siku nyingi. Kitasa cha zamani ni shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Na shaba, bwana, huua vijidudu."

"Huua? Chuma tu, bila dawa?"

Barasa aligeuka. Alifungua kabati la joto, akatoa kisahani cha tatu. Katikati yake kulikuwa na ndururu, ile sarafu ya shaba yenye tundu.

"Nilieneza vijidudu kwenye chakula chote, kama mtu anayepaka siagi mkate. Kisha nikaosha ndururu, nikaiweka katikati. Angalieni sasa."

Waithira na Githinji waliinama pamoja, vichwa vikigusana. Kisahani kizima kilikuwa kimefunikwa na utando mweupe, kama maziwa yaliyomwagika. Lakini kuizunguka ile ndururu kulikuwa na duara lililo wazi. Hapo utando ulikoma. Hakukuwa na doa hata moja. Ilikuwa kana kwamba ile sarafu imewaambia: mwisho wenu ni hapa.

Waithira alikuwa ameshika ndururu maisha yake yote. Alikuwa amezifunga kwenye pindo la leso, akazipoteza, akazipata chini ya kitanda. Hakujua kamwe kwamba alishika kitu chenye nguvu hii.

"Hakuna mtu ameifanya hivyo?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Imetoka tu ardhini ikiwa hivyo?"

"Imetoka ardhini ikiwa hivyo," Nafuna alisema. Naye alikuwa ameinama, macho yake yakiangaza. "Mungu aliiweka humo kabla hatujazaliwa."

"Inafanyaje?" Githinji aliuliza.

"Chembe ndogo sana za shaba hutoka, zikamwingia kijidudu," Barasa alisema. "Mambo yake ya ndani yanavurugika, anakufa. Wataalamu bado wanachunguza mengi. Lakini wewe, Baba Ngendo, unafanya kazi gani?"

"Mimi ni mtu wa bomba. Nanyunyizia kahawa."

"Dawa gani?"

"Ile ya buluu. Mrututu na chokaa."

"Kwa nini mnanyunyiza?"

"Kuna ugonjwa wa kutu ya majani. Usiponyunyiza, majani yanaanguka, mti unabaki fimbo."

"Na mrututu hutengenezwa kwa nini?"

Githinji alifikiri, akatikisa kichwa.

"Kwa shaba," Barasa alisema. "Ile buluu ni ya shaba. Kutu ya majani nayo ni kimelea kidogo, aina ya kuvu. Miaka yote hiyo umekuwa ukilinda kahawa kwa shaba."

Githinji aliangalia mikono yake. Kwenye kucha bado kulikuwa na buluu ambayo sabuni ilishindwa kuitoa.

"Atiriri!" alisema. "Basi nilete mrututu, tumpake mtoto!"

"La, hapana!" Barasa na Nafuna walisema pamoja.

"Mrututu ni sumu," Nafuna alieleza. "Ukimpaka kwenye kidonda utamchoma. Akiunywa, anaweza kufa. Dawa ya mti ibaki ya mti."

"Na msiweke maziwa ya mgando wala maji ya limau kwenye chombo cha shaba," Barasa aliongeza. "Uchachu wake unaila shaba, kisha mtu anaumwa tumbo. Faida ninayosema mimi ni ya mahali pa kushika tu. Mlango, kitanda, mfereji."

Githinji alikuna kidevu. Alikuwa mtu wa kuuliza.

"Bwana Barasa, usinikasirikie. Labda wodi ya mawe ina watu wachache. Labda kitasa chao kinashikwa kidogo tu. Utajuaje ni shaba?"

Barasa alitabasamu. "Swali zuri. Hebu tujaribu sasa hivi."

Alichukua kipande cha shaba ya manjano na kipande cha chuma kilichopakwa rangi. Aliviosha vyote. Akachukua maji yenye vijidudu, akatia matone sawa juu ya hiki na juu ya kile.

"Tuviache mpaka jioni. Shaba haiui kwa kufumba na kufumbua. Inahitaji muda. Kisha nitapitisha pamba, niweke kwenye visahani viwili. Kesho ndiyo itajibu."

Githinji hakuweza kungoja kesho. Pasi yake iliisha siku hiyo. Alimbusu Ngendo kwenye paji la uso, akarudi Ruiru.

*

Asubuhi iliyofuata daktari mwenyewe alikuja maabara. Alikuwa mama wa makamo kutoka Skotlandi, aliyezungumza Kiswahili cha kukatakata. Waithira na Nafuna walisimama nyuma yake. Barasa alitoa visahani viwili.

Cha chuma kilichopakwa rangi kilikuwa kimejaa.

Cha shaba kilikuwa wazi kabisa. Barasa alikigeuza kwenye mwanga wa dirisha, huku na huku. Hakikuwa na doa.

Daktari alikitazama kwa muda. Alivua miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Nilisoma habari hii nikiwa mwanafunzi," alisema. "Kusoma si kuona." Alimgeukia Waithira. "Na wewe, mama, unaona nini?"

Waithira alitafuta maneno. "Naona, daktari, kuna vita mlangoni kila siku, na sisi tunapita tu."

Daktari alitikisa kichwa kukubali. Kisha alisema kwamba shaba peke yake si sababu yote. Wodi mpya ilikuwa na watoto wengi. Karai lilikuwa moja, tena mbali. Yote mawili yangebadilishwa. Karai na sabuni vingewekwa kila upande wa wodi. Tena, mahali panaposhikwa sana pangewekwa shaba.

"Lakini shaba tutapata wapi?" aliuliza. "Nikiagiza vitasa Uingereza, vitafika mwaka ujao."

Waithira alisogea mbele.

"Daktari, mume wangu hubeba bomba la shaba. Huko shambani yako mabovu mengi. Yametoboka, yametupwa nyuma ya stoo. Hakuna anayeyataka."

*

Githinji alipopata habari, alikwenda na nyapara kwa meneja. Aliambiwa achukue. Yeye na Mbithe waliyasugua yale mabomba mabovu kwa maji ya moto na sabuni, wakayamwaga maji machafu kwenye shimo mbali na mto, wakasugua tena, mpaka hakukubaki dalili ya buluu. Lori liliyaleta Thika.

Fundi aliyeitwa Opiyo alikuwa akigonga bati karibu na soko. Aliposikia ni kazi ya watoto wa hospitali, aliacha debe alilokuwa akitengeneza. Aliyakata mabomba, akayanyoosha kwa nyundo, akafanya vibao vya kusukumia milango na mikanda ya kuzungushia vyuma vya vitanda.

"Nipake vanishi, ziwe zinang'aa?" aliuliza.

"Usipake kitu," Barasa alisema. "Ukipaka vanishi au rangi, umemfunika askari blanketi. Lazima shaba iwe wazi. Ikigeuka kahawia, iache. Kazi yake ni kufutwa kwa sabuni na maji kila siku, basi."

Opiyo alikigeuza kibao mkononi. "Miaka yote nagonga hii kitu," alisema polepole. "Kumbe."

Vibao vilipigiliwa milangoni. Mikanda ilizungushwa kwenye vitanda. Makarai mapya yaliwekwa, na juu ya kila karai kipande cha sabuni. Nafuna aliwakusanya akina mama wote wa wodi.

"Shaba ni msaidizi," aliwaambia. "Haichukui nafasi ya sabuni. Mtu akikohoa mkononi na kumshika mtoto mara hiyo hiyo, shaba haina nafasi ya kufanya kitu. Naweni kabla ya kumgusa mtoto. Naweni baada ya choo. Bandeji msiifungue wenyewe, niiteni mimi."

"Na maombi, Sista?" Benta aliuliza.

"Maombi tutaomba pia. Kwa mikono safi."

Akina mama walicheka. Lakini jioni Waithira alimwona Benta akisimama mbele ya mlango, kiganja chake kimetulia juu ya shaba, ametulia kama mtu aliye kanisani.

Si kwamba hakuna kidonda kilichoharibika tena katika wodi ile. Viliharibika, maana moto ni adui mkubwa. Lakini vilipungua, na kila mwezi Nafuna aliona tofauti. Barasa aliendelea kupitisha pamba yake kwenye milango, na visahani vikaendelea kutoka karibu tupu. Hakuna mama aliyemfunga mtoto mgongoni tena na kukimbia. Huko Ruiru, Mbithe aliweka kopo la maji na sabuni nje ya choo cha kambi, na wachumaji wa kahawa wakazoea kunawa hapo.

Mguu wa Ngendo ulikauka taratibu. Ngozi mpya ilitokea pembeni, nyororo, ya waridi, ikasogea kila siku kuelekea katikati. Dalmas alitangulia kwenda nyumbani, akipunga mkono ulioungua.

Siku ya Ngendo ilipofika, Githinji alikuja na pasi ya watu watatu. Alitaka kumbeba.

"Sitaki," Ngendo alisema. "Natembea."

Alitembea polepole kati ya vitanda, akichechemea kidogo. Waithira na Githinji walimfuata. Nafuna alisimama kando. Hakuna aliyemsaidia. Mtoto alifika mlangoni, akainua mikono yote miwili, akaweka viganja juu ya shaba, akasukuma. Mlango ulikuwa mzito. Alisukuma tena kwa nguvu zote, na jua la Thika likaingia ndani.